Tulivyokwenda Kumwita Baba Mikokoni

Mwaka huu mvua zilichelewa, na lambo la kijiji chetu pale Tumati likakauka mpaka karibu na katikati. Nilikuwa nimekwenda nyumbani kumwona mama, na jioni nikashuka na ndama kuwanywesha. Kwato zilikuwa zimelichimbua tope lote la pembeni, na harufu yake ikanipata kabla sijafika majini: harufu nzito ya majani yaliyooza mahali pasipopata hewa. Nikasimama pale na fimbo mkononi. Sisi tuliokulia Mbulu tunajua harufu ya udongo mwekundu ukinyeshewa, tunajua samadi, tunajua moshi wa kuni mbichi asubuhi ya baridi. Ile ya tope lililooza chini ya maji niliipata mara moja tu utotoni, mbali sana na kwetu, kwenye msitu unaoota ndani ya bahari. Nilipopanda nyumbani mama alinitazama usoni, akauliza kama naumwa. Nikamwambia ni jua.

Nilikuwa darasa la tatu. Baba alikuwa ameondoka kwetu nikiwa darasa la kwanza, mwaka ambao mahindi yalikauka yakiwa magotini, akaenda Rufiji kulinda kambi moja ya wageni iliyojengwa kando ya mikoko. Alikuwa amefika kidato cha nne, anajua Kiingereza kidogo, kwa hiyo baada ya muda wakamtoa kwenye ulinzi wakamfundisha kutembeza wageni. Kila Jumapili baada ya ibada alipiga simu. Wenzangu wa rika langu mtakumbuka zile simu ndogo zenye tochi, zilizofungwa raba ili betri isidondoke. Ya kwetu ilikamata mtandao mahali pamoja tu, juu ya jiwe lililo nyuma ya zizi, na ilibidi usimame umegeukia upande wa mlima Hanang. Mama aliongea kwanza, akiwa amegeuza mgongo. Halafu nilipewa mimi, na Baba akanisimulia msitu wake.

Alisema kule miti inasimama kwa miguu. Alisema kuna kaa wenye mkono mmoja mkubwa, mwekundu, wanaoupunga kutwa nzima kama watu wanaoagana stendi. Kuna samaki wadogo wanaotoka majini na kutembea kwenye tope, na ukiwasogelea wanaruka kama chura. Kuna mizinga ya nyuki imetundikwa kwenye miti iliyosimama majini, na asali yake ina chumvi kwa mbali. Nilimwambia anadanganya. Akacheka, akasema, "Utakuja uone mwenyewe, Martina. Nitakupakia kwenye boti, ukae mbele."

Kwa hiyo niliposikia tunakwenda Rufiji, nilifurahi. Hilo ndilo jambo ambalo bado linanikaa kooni. Nilifurahi, nikawatangazia wenzangu shuleni, nikafua sare yangu ili nivae siku ya kumwona Baba.

Nilikuwa nimeisikia ile simu, ila niliisikia kwa masikio ya mtoto. Haikuwa Jumapili. Mama alikimbilia juu ya jiwe, nikamfuata. Alisema haloo, akasikiliza, halafu akasema kwa Kiswahili, "Amepotea? Amepotea vipi?" Kisha akakaa chini. Siku zile zote zilizofuata, watu walipojaa nyumbani na kuzungumza kwa sauti za chini, neno walilotumia lilikuwa hilo hilo, kwa Kiswahili na kwa Kiiraqw. Amepotea. Hakuna aliyesema jingine, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwona. Mimi nililijua neno hilo vizuri. Mbuzi wetu walipotea, ndama walipotea msituni, hata mtoto wa jirani aliwahi kupotea kwenye ukungu akapatikana kesho yake anakula matunda mwitu. Aliyepotea anatafutwa. Watu wanasimama juu ya kilima, wanaita, na yeye anaifuata sauti.

Tulikwenda watatu: Mama, mimi na Aama, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Aama ndiye aliyemzaa Baba. Hakuwahi kufika mbele ya Babati, na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu na bei ya kuku. Kina baba wadogo walimkataza safari kwa sababu ya miguu yake. Akawaambia kwa upole kwamba hajawaomba miguu yao. Mama alisema mimi niende ili nimshike mkono na kumtafsiria. Nilijiona mtu mkubwa. Njia nzima nilipanga namna nitakavyoita. Nilikuwa na sauti kali, ndiyo iliyowaita ng'ombe kutoka upande wa pili wa bonde, na niliona ajabu kwamba watu wa Rufiji hawakuwa wametuita mapema.

Tulipofika gatini kulikuwa na joto lililokushika kama blanketi lenye maji. Maji ya mto yalikuwa ya kahawia, mapana kuliko bonde letu, na ng'ambo yake ukuta wa kijani usio na mwisho. Na harufu ile. Wanawake waliokuwa wakipara samaki waliacha kazi, wakaja kutupa mkono mmoja mmoja. "Poleni, mama. Mbulu alikuwa mtu wa watu," alisema mmoja. Mwingine akasema, "Mbulu hatukuwahi kumsikia akigombana." Nilimtafsiria Aama kwamba watu hawa wanaisifu Mbulu, nikashangaa jinsi sifa za mji wetu zilivyofika mbali. Aama akaitikia kwa kichwa, na machozi yakamshuka. Nikadhani amekumbuka nyumbani.

Kisha akaja mwanamume mwembamba, amevaa kanzu iliyopauka, akamsalimia Aama shikamoo huku amepiga goti mchangani. Nami nikamsalimia shikamoo. Hakuitikia marahaba mara moja. Alinitazama paji la uso, halafu masikio, kama anayehakikisha kitu.

"Wewe ndiye Martina," alisema. "Miye Shaabani. Niite mjomba."

Mjomba Shaabani ndiye aliyekuwa akiendesha boti ambalo Baba alitembezea wageni. Ndiye aliyepiga ile simu. Mama alimwambia, "Kaka Shaabani, mama anataka apaone mahali penyewe." Naye akasema, "Shemeji, boti lipo. Leo hakuna wageni. Nitawapeleka kwa njia yetu ile ile, mimi na yeye."

Mama alifika mpaka ukingoni. Aliinua mguu auweke ndani ya boti, ukabaki hewani, ukarudi chini. Akajaribu tena. Halafu akasema, "Nendeni. Mimi nitawasubiri hapa," akakaa kwenye mtumbwi mkukuu uliopinduliwa, mikono katikati ya magoti. Aama alinishika bega, tukaingia, nikakaa mbele.

Ilikuwa kama Baba alivyosema, yote. Tuliacha mto tukaingia kwenye mkondo mwembamba, na miti ikatuzunguka pande zote, imesimama juu ya mizizi iliyopinda kama watu waliopandisha nguo kuvuka mto. Mjomba Shaabani alipunguza injini, akaanza kuongea. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya shule. "Huu ni mkoko wenyewe. Ule kule ni mchu, huo hutoa mizizi yake juu ipate hewa. Mkomafi ndio unafaa kwa kuchonga. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila kitu hapa kinaishi kwa kuyafuata maji." Sasa naelewa. Alikuwa amewaongoza wageni wengi hapo, na hayo ndiyo maneno aliyoyajua. Kwa mama wa rafiki yake hakuwa na maneno mengine, akayashika haya asizame.

Mimi nilitafsiri kila kitu, nikinyosha kidole. Kaa walikuwapo, mamia, kila mmoja na mkono wake mwekundu, wanapunga. Nikawapungia. Samaki wanaotembea walikuwapo pia, wana macho juu ya kichwa. Tumbili alishuka mpaka kwenye tope, akapekua, akamtoa kaa na kumvunja kama sisi tunavyovunja kunde. Ndege wa buluu mwenye mdomo mwekundu alituongoza kutoka mti hadi mti. "Aama, Baba alisema kweli," nilisema. "Hakuniongopea hata kimoja."

"Naona," alisema Aama. Alikuwa ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili na hakuwa akiwatazama kaa. Alitazama maji.

Mahali fulani palikuwa na kisiwa kidogo cha ardhi kavu. Mjomba Shaabani alitushusha, akatuonyesha kaburi la zamani lililojengwa kwa mawe ya bahari, limeliwa na chumvi, limefungiwa kitambaa cheupe. Wageni huletwa hapo kila safari, alisema, na huvua viatu. Aliyelala pale alikuja na chombo kutoka mbali enzi za mababu, akafa kwa homa. Hata jina lake halijulikani. Watu wa pwani wanapalilia, wanaweka ubani, wanasoma dua.

Nikamtafsiria. Aama alivua kandambili zake, akafanya ishara ya msalaba, akalizunguka kaburi lile polepole akiligusa kwa vidole. Halafu akaniambia, "Muulize. Huyu mgeni asiye na jina ana kaburi?"

Niliona ni swali la ajabu kwa sababu kaburi lilikuwa mbele yetu, lakini niliuliza kama nilivyotumwa. Mjomba Shaabani akaenda kuifungua kamba ya boti.

Baada ya hapo hakututajia tena mti wala ndege. Mkondo ulipanuka, upepo wa bahari ukaanza kutupiga usoni, na mbele mawimbi yakaonekana yakivunjika mstari mmoja mweupe. Akazima injini karibu na mti mmoja mkubwa uliosimama peke yake kidogo, mbele ya wenzake. Akaushika tawi, boti likatulia. Kimya kile sijawahi kukisahau, kilijaa vidoko vidogo vidogo vya tope likipumua.

"Ni hapa," alisema. Alikuwa akiniambia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa Aama. "Tulikuwa tumeshawashusha wageni, tunarudi. Upepo ukatukuta pale mbele, boti likapinduka, likampiga bega. Nilimvuta mpaka kwenye mti huu. Nikamwambia, Mbulu, shika hapa, usiachie, naogelea kuita watu. Akaniambia nenda, ndugu yangu. Alishika kwa mkono mmoja. Niliporudi na watu, maji yalikuwa yamejaa, mti umebaki kilele. Hakuwapo. Tulitafuta siku nyingi, mama. Mpaka leo nikipita natafuta."

Ndipo nilipojua kwamba Mbulu ni Baba. Nilijua hilo tu. Mengine yalipangana kichwani mwangu vizuri kabisa, bila pengo: Baba alishika mti. Maji yakajaa. Hakuwapo. Basi alipanda juu, akaenda kwa kurukia mizizi, akaingia ndani ya msitu na hakujua njia ya kutoka, kwa sababu yeye si mtu wa huku. Nikamgeukia Aama, nikamwambia yote kwa Kiiraqw, boti, upepo, bega, mti, na mwisho nikasema amepotelea hapa, kwa lile neno tunalolitumia kwa ndama.

Aama alinitazama. Leo nina mtoto wa umri ule, na najua kilichopita usoni pake. Aliona kwamba sijui. Aliona pia kwamba hakuna mtu mwingine pale wa kuniambia ila yeye, na kwamba kuniambia ni kumzika mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe, kwenye maji, mbele ya mti ule. Akasema, "Basi mwite."

Nilisimama mbele ya boti, pale Baba aliponiahidi nitakaa. Nikaweka mikono mdomoni, nikaita. "Baabaaa." Ndege weupe waliruka kutoka kwenye miti yote kwa pamoja. Nikangoja, kama unavyongoja bonde likurudishie sauti. Nikaita tena, nikamwambia ni mimi, Martina, tumekuja kukuchukua, fuata sauti. Niliita upande wa bahari, nikaita upande wa msitu. Mjomba Shaabani alikuwa ameinama juu ya injini na mabega yake yalikuwa yanaruka.

Kisha Aama naye akaita. Hakusimama. Aliita akiwa amekaa, akatumia jina ambalo sikuwahi kulisikia, jina fupi, la utotoni, ambalo nadhani lilitumiwa na yeye tu kabla Baba hajabatizwa. Aliita mara moja, kwa sauti ya mwanamke kijana anayeita mtoto aje kula. Halafu akachota maji kwa kiganja, akanawa uso kwa maji yale ya chumvi, akasema, "Mwambie aturudishe."

Tulipokaribia gati niliona watu wamesimama, na mbele yao, ndani ya maji, kuna mtu. Alikuwa Mama. Maji yalikuwa yameanza kupwa, na yeye alikuwa ameingia kwenye tope mpaka juu ya magoti, kanga imelowa, kiatu kimoja hakipo, amenyosha mikono. Sauti inasafiri sana juu ya maji, na mkondo ulikuwa umetuzungusha, kumbe hatukuwa mbali na gati. Alikuwa amenisikia nikiita. Alisikia mtoto wake anapaza sauti, Baba, Baba, na yeye aliyekuwa amejikaza nyumbani mbele ya watu wote, aliyewapikia wageni wa msiba na kuwasindikiza, aliruka kutoka kwenye ule mtumbwi akaingia majini, kwa sababu kwa dakika zile chache aliamini tumemwona.

Alitutazama ndani ya boti. Mimi, Aama, Shaabani. Akatazama tena, nyuma yetu.

"Hatujampata leo," nilimwambia haraka, nisimvunje moyo. "Nimeita, yuko mbali hajasikia. Tukirudi kesho mapema, maji yakiwa yameondoka..."

"Martina," alisema Mama.

Alininyanyua kutoka kwenye boti, ingawa nilikuwa mkubwa, na tope likatushika wote wawili. Hakunipeleka ukingoni. Aliniambia pale pale, miguu yetu imezama, mdomo wake kwenye sikio langu. Alisema, "Baba hajapotea. Baba amekufa. Maji yamemwua. Hatasikia ukimwita, hata ukiita vizuri namna gani."

Nilimwuliza kwa nini walisema amepotea.

"Kwa sababu hakuna aliyeniletea mwili," alisema. "Na mimi nilikuwa naitaka siku moja zaidi ya kumngoja. Na kesho yake nikaitaka nyingine."

Sikulia pale. Nilikasirika. Nilitazama tope, na wale kaa walikuwapo hata hapo gatini, wanapunga mkono ule ule mmoja. Nikachukua bonge la tope nikawatupia, nikatupa jingine, na jingine, mpaka wote wakaingia mashimoni na ufukwe ukabaki na matundu matupu. Mama aliniacha nitupe. Wale wanawake wa samaki walikuja wakatuvuta, wakatuosha miguu kwa maji ya ndoo, na mmoja akamvisha Mama kandambili zake mwenyewe. Aama alimshukuru kwa Kiiraqw, na yule mama akajibu kwa Kiswahili, na hawakunihitaji kutafsiri.

Tuliporudi Tumati, kina baba wadogo walisema sasa kaburi lichimbwe, hata kama hatuna wa kumlaza. Wengine hawakutaka, wakasema ni kuchezea ardhi. Aama alisema mtu asiye na jina ana kaburi kule pwani, na mwanawe atakuwa nalo kwake. Likachimbwa upande wa chini wa nyumba, pembeni ya shamba la ngano, refu na la kina kama la mtu. Katekista alisoma. Mama alileta koti la kijivu ambalo Baba alifunga nalo ndoa, amelipiga pasi, likashushwa likiwa limekunjwa mikono kifuani.

Waliniambia nianze mimi, kwa kuwa ndimi mtoto wa kwanza. Nilikuwa nimehudhuria mazishi mengine na niliujua ule mlio wa udongo ukiangukia jeneza, mzito, unaokufanya urudi nyuma. Nikachukua donge, nikalitupa, nikajikaza kuusikia. Lilianguka kwenye koti, na hapakusikika kitu. Nikabaki nimeinama pale juu ya shimo, nasubiri. Mama aliinama karibu yangu, akachukua donge la pili, akaniwekea mkononi.